Mvua ya 89

Kidole cha yule mzee kilikuwa kimetua juu ya tarakimu mbili.

89.

Tulikuwa barazani, Mikindani, tarehe 1 Machi 2024, siku ya arobaini ya mjomba wangu. Dua ilikuwa imekwisha, pilau imeliwa, vijana wanakunja majamvi. Kaka yangu alikuwa ametoka kusoma wasifu nilioandika mimi. Sentensi yake ya mwisho ilisema kwamba mjomba alipima mvua hadi siku mbili kabla ya kufariki, na kwamba kipimo chake cha mwisho kilikuwa milimita 89. Watu waliguna. Wanawake tuliokuwa ndani tukasikia, wawili watatu wakafuta macho kwa ncha za kanga. Nikajiona nimemtendea haki.

Ndipo nikaitwa nje. Mzee mmoja aliyefanya kazi na mjomba miaka mingi alikuwa ameomba kuliona daftari. Alilishika kwa mikono miwili, akasogeza miwani, akakaa kimya kwa muda ambao ulianza kunitia wasiwasi.

"Binti," akasema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie. "Siku hii haikunyesha hivi."

Nikamjibu kwa adabu kwamba huenda Mtwara mjini haikunyesha, Mikindani ikanyesha.

"Mimi siku hiyo nilipita hapa hapa na baiskeli. Milimita 89 kwa siku moja ni mvua ya kuzamisha barabara. Tope halikufika hata kwenye mnyororo."

Akanirudishia daftari, akanipa pole kwa mara ya pili, akaenda zake.

Tangu siku hiyo usingizi wangu ukawa wa vipande vipande.

Saa 3 asubuhi

Mjomba alizaliwa Lindi mjini mwaka 1948. Alikuwa na miaka minne tu kimbunga cha Aprili 1952 kilipoupiga mji ule, na kilichobaki kichwani mwake ni vitu viwili: mlio wa bati linalong'oka, na uzito wa bibi yake aliyewalalia wajukuu wasipeperushwe. Kwenye wasifu niliandika kwamba usiku ule ndio uliompeleka kwenye kazi ya hali ya hewa. Sasa naiondoa sentensi hiyo. Mwenyewe alikuwa akisema aliipata kazi kwa sababu nafasi zilitangazwa na mwandiko wake ulikuwa unasomeka.

Aliajiriwa mwaka 1971, wakati Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa na idara moja ya hali ya hewa yenye makao makuu Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Saa 3 asubuhi ikafika kama kawaida, akatoka na glasi yake kwenda kupima.

Kituo chake kilikuwa uwanja wa ndege wa Mtwara. Usiku na mchana walipokezana zamu. Saa ya kupima ikifika, mtu anatoka, gizani anashika tochi, anafungua kibanda cheupe chenye kuta za vibao vya mshazari, anasoma vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine kimevikwa kitambaa chenye maji. Anainua macho, anaigawa mbingu mafungu manane, anahesabu mangapi yamefunikwa na mawingu. Kisha anayageuza yote kuwa tarakimu tano tano na kuzituma. Mtu mmoja, penseli, na mbingu nzima.

Nilichokipenda mimi nikiwa mtoto ni gololi ya kioo. Kubwa, imeketi mahali pa wazi, na nyuma yake kipande cha karatasi ngumu. Jua likipita, gololi inakusanya miale yake na kuunguza mstari kwenye ile karatasi. Wingu likitanda, mstari unakatika. Jua likizama karatasi inatolewa, na urefu wa palipoungua ndizo saa za jua za siku ile. Likizo moja alinionyesha karatasi iliyotolewa jioni iliyopita, yenye mstari mrefu mweusi na pengo dogo karibu na mwisho.

"Hii ndiyo jana," akaniambia. "Hapa ndipo ulipokuwa unalia njaa."

Alikuwa mpole mno kwa mtu wa kizazi chake, ila kwenye jambo moja. Siku isiyo na mvua, huachi nafasi wazi. Unaandika 0.0.

"Sifuri ni kipimo," alikuwa akisema. "Nafasi wazi maana yake hukutoka nje."

Kopo

Alipostaafu mwaka 2008 wenzake walinunua pikipiki za kukodisha, wengine wakarudi kwenye mikorosho. Yeye alichimbia kopo uani.

Kopo refu la bati, faneli yenye kipenyo cha inchi 5, chupa ndani yake. Mdomo ulibaki juu ya ardhi kwa urefu wa rula moja ya shule, matone yanayoruka kutoka chini yasiingie. Eneo la mdomo huo ni kama sentimita za mraba 127, kwa hiyo kila milimita 1 ya mvua inaingiza mililita 12.7 za maji. Sisi wapwa alitukaririsha hiyo kama jedwali la kuzidisha, na sote tukaisahau mara tulipopanda basi la kurudi Dar. Yeye hakuwa na haja ya kupiga hesabu kila siku, kwa sababu alikuwa na glasi nyembamba iliyochorwa mistari kwa faneli ya ukubwa huo. Unamimina, unainama mpaka jicho lilingane na maji, unasoma milimita moja kwa moja. Glasi ile ililala ndani ya soksi ya sufu, kwenye droo yenye funguo.

Miaka 16. Madaftari 16, yale makubwa ya jalada gumu. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemlipa, na kwa ninavyojua hakuna aliyewahi kuja kuyasoma.

Kanuni nyingine ya kopo ni kwamba likae mbali na kila kilichosimama, angalau mara mbili ya kimo cha kitu hicho, upepo usije ukapeperusha matone. Uani kulikuwa na mkomamanga wa mkaza mjomba. Aliupanda walipoanza kujenga, hata msingi haujakauka, na wakati wanahamia ulikuwa umeshazaa mara kadhaa. Mwaka 2009 mjomba aliukata.

Hakumwomba mkewe. Alimweleza kanuni, kisha akachukua panga.

Mkaza mjomba hakusema naye siku tisa. Chai ilikuja, chakula kilikuja, maji ya kuoga yalikuja, neno halikuja.

Kwenye wasifu niliandika: "Alikuwa mtu wa nidhamu."

Komwe na nyota

Asubuhi ilikuwa ya kopo, alasiri ya bao.

Alicheza bao la kete 64 kama mtu anayejaza fomu ya serikali, polepole, akisogeza midomo, na nyumba yake hakuivunja mpaka alazimike. Wavuvi wa Mikindani walimcheka kwa ule upole, kisha wakashangaa mtaji umewaishia. Wapo waliokuja kucheza naye kwa dau la maneno: ukifungwa, unamwambia jambo moja alilokufundisha baba yako kuhusu upepo.

Hivyo ndivyo alivyokusanya hesabu ya miongo. Wengi wetu tumeisikia bila kuijua: wazee wa pwani walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, siku kumi kumi, kila kumi ni mwongo, na kwa mwongo nahodha alijua lini kaskazi inalegea na lini kusi inafunga bahari. Mjomba akaongeza safu ya tatu kwenye daftari. Safu ya kwanza tarehe, ya pili milimita, ya tatu mwongo na kauli za wazee.

Kauli aliyoifuatilia kuliko zote ni ya kilimia, kile kishada cha nyota: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kila mwaka alinakili jinsi kilivyozama, akasubiri kizuke, akalinganisha na milimita zake. Pembezoni mwa ukurasa aliandika hukumu. Nimezisoma zote 16. Zote zina neno moja: "Bado."

Namwonea wivu kwa neno hilo. Mimi ningekuwa nimeshaamua mwaka wa tatu.

Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipotangazwa, nilikuwa Mikindani kwa likizo. Watu wa ufukweni walifunga mizigo. Mjomba alileta ubao wa bao mezani, akaweka komwe moja katikati, akaanza kuzungusha nyingine kuizunguka ile, kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa. Upande wetu wa dunia upepo wa kimbunga huzunguka hivi, alieleza, ila karibu na ikweta msukumo wa kuuzungusha ni hafifu, ndiyo maana kwetu ni vya kuhesabika. Cha Unguja, Aprili 1872, kilichong'oa mikarafuu. Cha Lindi, Aprili 1952.

"Vya kuhesabika vipo," akasema. "Usichanganye."

Tarehe 25 kikaingia nchi kavu Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Kesho yake barazani watu walikuwa wanacheka: tumehamishwa bure, tumelazwa chini bure. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mjomba akiondoka kwenye bao kabla mchezo haujaisha.

"Wanacheka kwa sababu kimeua wengine," aliniambia njiani. Hakuongeza kitu mpaka nyumbani.

Safu 46

Kiharusi kilimpata usiku wa tarehe 25 Novemba 2023. Upande wa kulia ukalala. Maneno yakaondoka yote, yakabaki macho.

Kwenye daftari la 16, baada ya tarehe hiyo, kuna nafasi tisa wazi. Ndizo nafasi wazi pekee katika miaka yote 16, na ndizo siku alizolazwa hospitali. Halafu tarehe 5 Desemba, aliporudishwa nyumbani, vipimo vinaanza tena. Nilipoziona tarakimu zile mara ya kwanza, wakati wa msiba, nililia. Zilikuwa zimetetemeka. Nikasema: mkono wa kulia umekufa, amejifunza kwa wa kushoto. Nikaenda kuandika wasifu nikiwa na picha hiyo kichwani, mzee amebebwa mpaka uani, anainamia glasi.

Sikumuuliza mtu yeyote. Picha ilikuwa nzuri mno kuulizia.

Baada ya ile kauli ya baiskeli nilirudi Dar na madaftari yote kwenye begi. Mimi ni mhasibu. Kitu kikinisumbua nakiweka kwenye safu. Kila usiku baada ya futari nikawa nanakili miaka ya mjomba kwenye kompyuta, na mfungo ulipofika katikati niliufikia Desemba 2023.

Hapo ndipo nilipoona. Tarakimu za mjomba zilikuwa na nukta siku zote: 3.2, 0.4, 11.0. Kuanzia 5 Desemba hakuna nukta. Saba zake zilikatwa mstari katikati, kama walivyofundishwa kazini. Saba za Desemba hazina mkato. Na namba zenyewe zilikuwa kubwa kwa namna isiyoaminika, 38, 64, 51, kama kwamba mbingu ya Mikindani ilifunguka siku ile ile aliyorudishwa kutoka hospitali.

Nilifika kwenye jibu moja tu, na liliniuma. Akili ilikuwa imeshaondoka. Mzee alikuwa anaandika chochote.

Nilitaka nakala za yale madaftari ziende kwa watu wanaoweza kuzitumia, wa hali ya hewa au wa kilimo cha korosho. Miaka 16 ya vipimo vya kila siku kutoka sehemu moja si kitu kidogo. Nikawaza: wiki saba za mgonjwa zisije zikawafanya waidharau miaka 16 ya mzima. Nikazipaka rangi zile safu 46, siku moja safu moja. Kidole kikakaa juu ya kitufe cha kufuta.

Nilijiambia nafanya kwa heshima yake.

Kilichonizuia ni sifuri. Katika zile siku 46, kila siku kavu ilikuwa imeandikwa 0. Hakuna iliyorukwa, hata siku ya Krismasi nyumba ilipojaa wageni. Nikajiuliza ni mtu gani aliyepotewa na akili kiasi cha kubuni mvua, lakini anakumbuka kuandika kwamba leo hakuna.

Nikazima kompyuta. Idi ilipopita nikakata tiketi.

Bomba la uji

Mvua za msimu ule kila aliyesafiri barabara ya kusini anazikumbuka. Nilipovuka Daraja la Mkapa, maji ya Rufiji yalikuwa yametanda mpaka kwenye mashamba, na basi zima likanyamaza kutazama.

Mkaza mjomba alikuwa bado yuko eda. Nilimkuta chumbani kwake na nguo zake nyeupe, amekonda, macho makavu. Nilimwamkia, tukalia kidogo, tukala ming'oko aliyoletewa na jirani. Sikumuuliza kitu. Usiku nililala naye chumba kimoja, na mvua ikapiga bati kuanzia kama saa 9 mpaka alfajiri.

Asubuhi alikuwa amekaa kwenye mkeka, redio inasema chini chini. Redio ilipotangaza saa 3, akainuka, akavaa ndala, akatoka uani.

Nikamfuata.

Akaiinua faneli, akaitoa chupa, akamimina maji kwenye bakuli la plastiki. Kisha akachomoa kutoka kwenye mfuko wa gauni lake bomba la sindano. Lile kubwa lisilo na sindano, la mililita 60, wanalopewa wagonjwa wasioweza kumeza vizuri. Akavuta maji yote, akaliinua kwenye mwanga, akakunja uso.

"Nisomee, mwanangu. Macho yangu siku hizi hayaoni vimistari."

"Hamsini na moja," nikasema.

Na hapo hapo, nikiwa na bomba mkononi, likanirudia jedwali la utotoni: mililita 12.7, milimita moja. Hamsini na moja ni mvua ya milimita 4.

Themanini na tisa ni mvua ya milimita 7.

Saba. Mvua ambayo tope lake halifiki kwenye mnyororo wa baiskeli.

Nikakaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Yeye akaendelea kuirudisha chupa mahali pake, akiifuta mdomo kwa kona ya upande wake.

"Mama, ulikuwa unapima wewe?"

"Sasa angepima nani?"

Glasi

Alinisimulia akiwa anachambua mchele, bila kunitazama.

Tangu walipomrudisha nyumbani, ikifika saa 3 mjomba anageuza macho dirishani. Hasemi, hawezi. Anatazama dirisha, kisha anamtazama yeye, kisha dirisha. "Nikamwambia, haya, naenda." Alikuwa amemwona akifanya hivyo miaka 15, alijua funguo ziko wapi, alijua ile soksi. Akatoka na glasi. Uji ulikuwa motoni na alikuwa na haraka.

Ilimponyoka kwenye sakafu ya saruji.

"Yeye alinikatia mkomamanga wangu," akaniambia, "na mimi nimemvunjia glasi yake. Nikaona basi, tumelipana. Halafu nikakaa pale pale chini nikalia."

Vipande alivifunga kwenye gazeti, akavificha juu ya kabati la jikoni. Bado viko pale, alinionyesha. Jikoni kulikuwa na kitu kingine kimoja tu chenye mistari ya kupimia, lile bomba la kumlishia uji. Akalisuuza, akavuta maji ya mvua, akasoma. Akaandika alichokiona. Akalisuuza tena, akaenda kumlisha.

Wiki saba, bomba moja. Asubuhi uji, saa 3 mvua, mchana uji.

Nilimuuliza kama mjomba alijua.

"Kila siku nilimsomea. Siku ile ya kwanza nikamwambia, leo thelathini na nane. Alinitazama sana. Mpaka nikaogopa, nikadhani ameona nimevunja. Halafu akacheka, kwa ule upande wa mdomo uliobaki."

Yeye aliamini amefurahia mvua.

Thelathini na nane ugawe kwa 12.7 unapata 3, bila shida. Mjomba alikuwa na hesabu hiyo kichwani kwa zaidi ya miaka 50, na mbele ya kitanda chake, mara tatu kwa siku, lilipita bomba lenye mistari ya mililita. Mimi naamini alijua tangu neno la kwanza. Naamini alijua kwamba glasi haipo na kwa nini haipo. Ushahidi wangu ni kicheko cha nusu mdomo nilichosimuliwa, na yule mzee wa baiskeli asingekubali kukiandika popote.

Nilimpigia simu yule mzee siku ile ile. Nikamweleza faneli, bomba, mgawanyo. Alinyamaza, nikasikia anapiga hesabu kwa mdomo.

"Saba," akasema. "Saba naikubali."

Wasifu mwingine

Kwa hiyo sentensi niliyomalizia wasifu haikuwa ya kweli. Mjomba hakupima mpaka siku mbili kabla ya kufariki. Alipima mpaka asubuhi ya tarehe 25 Novemba 2023, akaandika 0.0 kwa mkono wake, na usiku wake akaanguka. Vipimo 46 vinavyofuata ni vya mkewe.

Nilipoliandika hili kwenye kundi la familia, nilijibiwa niache. Mzee ameshapumzika, wasifu umeshasomwa, watu wameshalia, unatafuta nini? Binamu yangu mmoja, ninayempenda sana, alisema jambo lililonikaa: kwamba hata hivyo vipimo ni vya mjomba, kwa sababu kama si yeye, mkewe asingetoka nje.

Nimelitafakari wiki nyingi. Labda ana haki kwa kiasi fulani. Lakini wasifu wangu ulisomwa siku ya arobaini, mwanamke yule akiwa chumba cha pili anasikia kila neno, nikampa mumewe kazi ya mikono yake. Naye hakusahihisha. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ilikuwa siku ya mume wake.

Nami nilikuwa karibu nizifute zile safu 46 nikidhani namstahi mtu.

Sasa ziko pale, zimegawanywa kwa 12.7, na mbele ya kila moja nimeandika jina la aliyepima. Zile nafasi tisa nimeziacha wazi.

Daftari jekundu

Siku ya kuondoka niliona daftari jipya dirishani, jekundu, la jalada gumu. Nikalifungua. Linaanza siku iliyofuata maziko.

Nikamuuliza kwa nini hakuendeleza lile la 16, lilikuwa na kurasa nyingi tupu.

"Lile la kwake. Limekwisha. Hili langu."

Lina safu tatu kama la mjomba. Tarehe, mililita, na ya tatu, mahali ambapo mjomba aliweka miongo na kilimia, yeye ameandika kama nguo zilikauka au hazikukauka, na nani amekuja kumtazama. "0. Zimekauka. Mama wa samaki." "20. Hazikukauka. Hakuna mtu." Nimesoma miezi mitatu ya eda kwa namna hiyo, na sijui maelezo mengine ya upweke yanayonieleza zaidi ya haya.

Alipotoka eda, mwishoni mwa Mei, nilimpelekea glasi mpya. Alishukuru, akaishika kwenye mwanga, akaisifu. Akaiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Bomba bado liko kwenye mfuko wa gauni.

Pale ulipokatwa mkomamanga ameotesha mche. Nilipouona ulikuwa umefika magotini.

"Ukikua utalizuia kopo," nikamwambia.

"Safari hii litahama kopo."

Mwanzoni mwa Mei, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika Somanga, nilimpigia simu alfajiri ile nikiwa na hofu, haikupatikana. Saa 3 na dakika chache yangu ikalia. Hakuanza kwa salamu. Alinitajia mililita, akasema hajui kugawanya, nigawanye mimi.

Tangu hapo ndiyo kawaida yetu. Sasa ni kiangazi, kusi inavuma, mbingu ya Mikindani iko wazi toka mwezi uliopita. Hata hivyo simu inalia, nami nikiwa ofisini nasukuma karatasi pembeni na kushika kalamu.

"Sifuri," anasema.

"Sifuri," namjibu, naandika.